Mayai ya Guinea

Mume wangu hakuwa na ugomvi na kuku yeyote mpaka pesa ya pamba ilipoingia. Wenzangu wa hapa Nyalikungu watanielewa. Pesa ya pamba haidondoki mwezi kwa mwezi kama mshahara wa mwalimu. Huja kwa mkupuo, na mwanamume akiwa nayo mfukoni huanza kuona upungufu nyumbani ambao jana haukuwapo. Mmoja ataona ng'ombe wake hawatoshi, mwingine ataona anahitaji pikipiki, na mwingine, Mungu atuepushe, ataona mke mmoja hatoshi. Baba watoto aliona hatuna mashine ya kutotolesha vifaranga. Nikashukuru, nikanyamaza.

Mashine ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, imeviringishwa mablanketi mawili kama mgonjwa anayerudishwa kwao. Fundi aliitengeneza kwa plaiwudi: sanduku lenye mlango wa kioo, trei za kubeba mayai tisini na sita, mota ndogo ya kuzilaza trei upande huu kisha upande ule, feni, glopu nne za kutoa joto, vipimajoto viwili na kisahani cha maji chini. Pembeni palikuwa na saa ya kuhesabia siku. Na ndani, kwenye mfuko wa nailoni, kulikuwa na kijitabu, fotokopi ya fotokopi, Kiingereza kitupu kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Fundi alipopigiwa simu alisema kijitabu alipewa na aliyemfundisha kazi, yeye hajakisoma, ila kina kila kitu.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Mayu, alikuwa uani akipepeta choroko. Aliweka ungo chini, akalizunguka sanduku taratibu.

"Linataga?"

"Halitagi, Mayu. Linaatamia."

"Na kuku wangu wafanye kazi gani?"

Hakuna aliyemjibu. Akarudi kwenye choroko yake.

Usiku ule ukaitishwa mkutano wa kusoma kijitabu, na msomaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, anayefundisha Kiingereza sekondari. Nchi hii ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960, Kiingereza kikaachwa kisubiri kidato cha kwanza. Ndiyo maana karibu kila ukoo una mtu wake mmoja ambaye huitwa kikiingia kitu chenye maandishi: dawa ya mbuzi, redio, simu mpya, barua ya mkopo. Mahakama zenyewe zimepewa Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Mashine bado zinaongea lugha yao. Basi shemeji akaja na kamusi ya TUKI, ile ya Kiingereza kwa Kiswahili ya mwaka 1996, akawekewa kiti cha mgeni na sahani ya michembe na karanga, akasafisha koo.

Kuna jambo ambalo nimelikariri tangu siku zile, na nalisema mapema ili msomaji asije akamlaumu shemeji bure. Maneno magumu hayakututesa hata kidogo. "Humidity" lilipotokea, akafungua kamusi: unyevu. "Embryo" akafungua: kiinitete. Neno geni likija na ugeni wake usoni, unalisimamisha mlangoni na kuliuliza linatoka wapi. Yaliyotutia hasara ni yale tuliyokuwa tunayajua, yaliyopita mlangoni yakiitikia salamu. Kwa hayo kamusi haikufunguliwa, maana nani hufungua kamusi kutafuta mshumaa?

La kwanza lilitusamehe. Kijitabu kilitaka mayai yawe "fertile", na shemeji, ambaye alisoma jiografia vizuri kuliko baiolojia, akasema mara moja, "Mayai yenye rutuba."

"Yenye mbolea?" Mayu aliuliza kutoka gizani.

"Rutuba, Mayu. Yaani yana… yana uwezo."

"Sema mayai ya kuku mwenye jogoo, tukuelewe."

Halafu likaja "set". Kijitabu kilisema yai liwe "set" ncha nyembamba ikiwa chini. Sasa sisi tuna seti ya vikombe, tuna seti ya makochi, na watoto wanaseti simu. Kwa hiyo baba watoto akaanza kutafuta kitufe cha kuseti, akalipapasa sanduku pande zote nne, mpaka nyuma kwenye misumari. Kumbe kwa wafugaji wa Uingereza kuseti yai ni kuliweka tu mahali pake liatamiwe. Neno hilo lina mizigo mingi mno. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989, hakuna neno lililoelezwa kwa urefu kulizidi. Nisiwacheke lakini. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki na tunapiga chafya, na Mwingereza anayejifunza lugha yetu lazima adhani tunaishi kwa ugomvi.

Ukurasa wa tatu ndio uliotuponza, wala haukuwa na sentensi. Ulikuwa jedwali. Upande wa kushoto majina, upande wa kulia siku za kuatamia na siku ya kusimamisha mota. Fotokopi ilikuwa imeula mstari wa juu kabisa. Tuliyoona ni haya: "Guinea", siku 26 mpaka 28. "Turkey", siku 28. "Muscovy", siku 35.

Shemeji alisoma, akasita, akasoma tena.

"Hizi ni nchi," alisema.

"Nchi za nini?"

"Nadhani ni kwa hali ya hewa. Muscovy ni kule Moscow, kuna baridi, kwa hiyo siku thelathini na tano. Turkey ni Uturuki, kuna baridi kidogo. Guinea ni joto."

"Tanzania iko wapi?"

"Haimo."

Baba watoto alifikiri kwa uzito wa mtu ambaye pesa yake imeshatoka. "Guinea ni Afrika," akasema. "Weka Guinea."

Nilikuwa kwenye cherehani yangu, nikasimamisha gurudumu. Nikasema kuku hutotoa siku ya ishirini na moja, tangu dunia iumbwe, hata mtoto wa chekechea wa hapa anajua. Nikajibiwa kwamba hizo ni hesabu za kuku mwenyewe, hii ni mashine ya umeme, ina hesabu zake. Nikaendelea kushona.

Ukweli ni kwamba mle jedwalini hamkuwa na nchi hata moja. Walikuwa ndege. "Guinea fowl" ni kanga wetu huyu wa madoadoa, ambaye inasemekana ndiye aliyeipa jina lile vazi la kanga. "Turkey" ni bata mzinga. Yeye asili yake ni Amerika, lakini Waingereza walimbandika jina la Uturuki kwa sababu walikuwa wameshazoea kuwaita hivyo kanga walioletwa na wafanyabiashara wa upande ule, jina likahama kutoka ndege mmoja kwenda kwa mwingine. Waturuki nao wanamwita "hindi", kana kwamba ametoka India, na Wareno wanamwita "peru". Kila taifa linamsukumia mwenzake. Bata wa "Muscovy", yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, hajawahi kuwa wa Urusi. Kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Nasi tusijifanye wasafi: tunaye bata bukini, na Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Tunaye na kuku wa Malawi, ambaye baba watoto alishawahi kumfuga. Mtu aliyefuga kuku wa Malawi akiona Guinea kwenye jedwali la kuku, atajuaje kwamba safari hii si nchi?

Mstari ulioliwa na fotokopi ulikuwa wa kuku, siku 21. Saa ya mashine ikategwa kwa kanga.

Mayai yakaingia. Kijitabu kikaagiza yatiwe alama ya X upande mmoja na O upande wa pili, ili mtu ajue yamegeuka. Kazi hiyo akapewa binti yetu wa darasa la sita, naye kwa bidii ya watoto wa shule akatumia kalamu nyekundu. Asubuhi Mayu akachungulia kupitia kioo akaona trei nzima ya juu ina X nyekundu. Kwa Mtanzania yeyote anayeishi karibu na barabara kuu, X nyekundu ina maana moja tu: umeingia hifadhi ya barabara, ondoa vitu vyako kabla greda halijafika. Akaona mwanawe ameyahukumu mayai yale na ameona aibu kusema. Tulipoamka wote palikuwa na chai na mayai ya kukaanga, mengi kuliko tulivyowahi kuwekewa siku ya kawaida, na tulikula vizuri sana mpaka baba watoto alipoona kipande cha ganda chenye wino.

Hapo Mayu alikosea, nami namwandika kama nilivyowaandika wengine.

Siku ya saba kijitabu kiliamuru "candle the eggs". Shemeji alikuwa kazini, akasomewa kwa simu, akacheka kwa wepesi wa swali. Candle ni mshumaa. Yawekeeni mishumaa mayai, pengine ni kuongeza joto wiki ya kwanza ikiisha. Baba watoto akaenda dukani akarudi na pakiti mbili. Akazima feni ili isizime moto, akapanga mishumaa kwenye kisahani cha maji na pembeni mwa trei, akawasha. Kwa dakika chache sanduku lilipendeza kama altare ya Krismasi. Halafu joto likapanda, mishumaa ikainama, nta ikaanza kutiririka juu ya mayai ya trei ya chini.

Ganda la yai lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa macho, na kiumbe kilichomo hupumua kwa hivyo. Yai lililovishwa nta ni mtu aliyezibwa pua. Mayu alipofika alizima mishumaa kwa kiganja, mmoja mmoja, bila kusema neno, halafu akaomba simu yangu. Akawasha tochi. Akalishika yai kwa vidole viwili, akalibana juu ya ile taa mle chumbani kwenye giza, na mbele ya macho yetu yai likawa jekundu kwa ndani, lina mishipa myembamba kama buibui na doa jeusi katikati linalochezacheza. "Huyu yupo," alisema. Akachukua lingine, likaonekana jeupe tupu. "Huyu hayupo." Akachukua la tatu. Alifanya hivyo mpaka akamaliza, na yaliyokuwa hayapo akayatenga. Alituambia zamani walitumia jua na karatasi iliyokunjwa, au koroboi.

Hicho ndicho kijitabu kilichokuwa kinaomba. Zamani wafugaji wa Ulaya walilishika yai mbele ya mshumaa walione lilivyo ndani. Mshumaa ukaondoka, ikaja balbu, ikaja tochi, lakini kitenzi kikabaki na jina la mshumaa. Mayu alikuwa anaifanya kazi hiyo kabla baba watoto hajazaliwa, ila hakuwahi kuambiwa kwamba ina Kiingereza chake.

Nta ilitupotezea mayai ya kutosha kutufanya tutulie. Hatukutulia muda mrefu.

Katikati ya wiki ya pili shemeji alikuja mwenyewe, akiwa na nia ya kusawazisha mambo, akafungua ukurasa wenye kichwa "Wet bulb". Akasoma polepole, safari hii kwa tahadhari. Kijitabu kilisisitiza kwamba "wet bulb" iwe imeloa muda wote, na kwamba ikikauka vifaranga watafia ndani ya ganda. Neno "wet" analijua, "bulb" analijua. Tukatazamana, halafu sote tukatazama ndani ya sanduku, kwenye glopu nne zinazowaka, kavu kabisa, zimekuwa kavu tangu siku ya kwanza.

"Ipi kati ya hizi?" baba watoto aliuliza.

"Hakijasema."

"Basi zote."

Natamani niseme nilipinga. Nilichofanya ni kuwatoa watoto chumbani. Akachota kikombe cha maji, maji ya bomba ya baridi, yale yanayotoka bwawa la Zanzui, akafungua mlango wa kioo na kumwagia glopu ya kwanza. Kioo cha moto na maji ya baridi havijawahi kupatana. Mlio wake ulimtoa jirani nje akiwa na jembe. Glopu ya pili ilipasuka kwa kurushiwa vipande vya ya kwanza, sakiti breka ikaruka, nyumba nzima ikaingia giza, na katika giza hilo nikamsikia shemeji akisema kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe, "Labda ni kipimajoto."

Kilikuwa kipimajoto. Vile viwili havikuwekwa viwili kwa urembo. Kimoja kiko wazi, kinapima joto la hewa. Cha pili, kichwa chake kimevishwa utambi uliotumbukizwa kwenye maji, na maji yale yanapokauka hukipoza, kwa hiyo kinasoma chini ya mwenzake. Hewa ikiwa kavu tofauti inakuwa kubwa. Ikiwa na unyevu mwingi tofauti inapungua. Kwa mayai ya kuku kipimajoto cha kwanza kikisoma 37.5 na cha utambi kikisoma kama 29, hewa ni nzuri. Na kile kichwa cha mviringo cha kipimajoto ndicho Waingereza wanachokiita "bulb", jina lililotoka kwenye vitunguu na mimea ya namna hiyo, zamani kabisa kwa Wagiriki, kabla umeme haujaota mtu ndotoni. Kitunguu, kipimajoto, taa: vitu vitatu vyenye tumbo la duara, jina moja. Sisi tulilipokea la taa tu, tukadhani tumepokea lote.

Utambi wetu, ukitaka kujua, ulikuwa umekauka siku nyingi.

Umeme ulirudi kesho yake fundi umeme alipokuja kukagua nyaya. Usiku ule mayai yaliokolewa na Mayu. Alikuwa na kuku watatu wanaoatamia, akawasukumia chini yao kadiri walivyoweza kufunika. Yaliyobaki aliyapanga ndani ya kapu, akayazungushia pamba fifi iliyokataliwa sokoni, katikati akaweka chupa za maji ya moto, akalifunika kapu kwa blanketi lile lile la safarini. Kila chupa zilipopoa aliniamsha nichemshe nyingine. Baba watoto alikaa mlangoni na tochi, anamulika penye haja na pasipo na haja.

Alfajiri alitaka kuyatoa mayai chini ya kuku na kuyarudisha yote kwenye mashine. Mayu akasema ya kapuni arudishe, ya kuku yaacheni. Mambo mawili yakaanza kwenda sambamba katika nyumba moja, na watoto wakawa wanawekeana dau la maandazi.

Likabaki neno moja. Binti yetu ndiye aliyelisoma, kwa sababu shemeji alikuwa ameanza kuwa na shughuli nyingi jioni. "Lockdown." Kijitabu kilisema siku tatu za mwisho ni za "lockdown": mota izimwe, mayai yasigeuzwe, mlango usifunguliwe.

Neno hilo hatukuhitaji kufasiriwa. Mwaka 2020 lilitawala redio mpaka kamusi ya Collins ikalitangaza kuwa neno la mwaka. Sisi shule zilifungwa Machi zikafunguliwa Juni, lakini hatukufungiwa majumbani kama jirani zetu wa Uganda na Rwanda, na baba watoto alilichukua jambo hilo kwa uzalendo. Nchi nzima haikufungwa, iweje kuku wafungwe? Lakini akakumbuka glopu, akaogopa kubisha. Binti akaongeza kwamba kwenye ukurasa wa picha kuna kitu ndani ya yai kinaitwa "air cell", na "cell" ni selo.

"Kuna selo, kuna lokidauni," alisema baba watoto. "Hili ni gereza, si mashine."

Hakuwa mbali sana. Kabla ya corona neno lile lilikuwa la magereza ya Marekani, siku wafungwa wanapozuiwa kutoka selo zao. Ila kwenye kuku halina kufuli. Siku ya kumi na nane kifaranga huanza kujigeuza ili kichwa kielekee kwenye mfuko wa hewa ulio upande mnene wa yai, ambao ndiyo hiyo selo, avute pumzi yake ya kwanza hapo kisha aanze kudonoa ganda. Ukiendelea kumlaza huku na huku unampoteza njia. Ukifungua mlango unatoa unyevu, ngozi ya ndani inakauka na kumnasa. Ndiyo maana ya kufunga.

Baba watoto alifunga kwa kufuli. Alinunua komeo, akalipigilia kwenye mlango wa kioo kwa ustadi ambao mlango wa jiko letu haujawahi kuupata, akafunga. Kwa hesabu ya Guinea siku yenyewe ilikuwa bado, lakini alikuwa anakwenda Bariadi kwa shughuli za ushirika wa pamba, akaona afunge mapema kuliko kuwaachia wanawake na watoto jukumu la lokidauni. Mota aliiacha ikizunguka, maana kwenye jedwali muda wake ulikuwa haujafika. Ufunguo akautia mfukoni.

Usiku wa ishirini kuku wa Mayu wakaanza kunguruma ile sauti yao ya chini wanapozungumza na walio ndani ya mayai. Kufika alfajiri vifaranga wa kwanza walikuwa wanachungulia kwenye manyoya. Mayu akaenda kwenye sanduku, akaweka sikio kwenye plaiwudi.

"Wanalia," alisema.

Shemeji akaitwa. Alikuja na kijitabu, akaonyesha mstari: usifungue. Mayu akamtazama. "Wanalia na wanabembezwa. Mtoto anazaliwa huku anabembezwa?" Kwa kweli kupitia kioo tuliona trei inalala kulia, inatulia, inalala kushoto, na juu yake mayai yenye nyufa yanakwenda na trei. Nikampigia baba watoto. Alisema asifungue mtu, siku bado, Guinea ni ishirini na sita. Nikamwambia Guinea wamekwisha kufika wako kwenye mlango wanagonga. Simu ikakatika, au aliikata.

Binti ndiye aliyechomoa waya wa mota. Shemeji akakikunja kijitabu akakitia mfuko wa nyuma, akaomba bisibisi, na bila kugusa kufuli akafungua bawaba za mlango upande wa pili, parafujo moja moja. Mlango ukatoka mzima, kufuli ikining'inia juu yake, imefungwa barabara.

Sitawadanganya kwamba wote walitoka. Trei ya chini, ile ya nta, haikutoa hata mmoja. Wengine walikuwa wamegeuka vibaya, wakadonoa upande mwembamba usio na hewa. Waliosalimika walijaza nusu ya beseni, na Mayu akawafunika kwa kitenge karibu na jiko la mkaa. Chini ya kuku zake watatu yalibaki mayai manne tu yasiyopasuka, naye aliyahesabu kwa sauti kubwa, mara ambazo hazikuwa na ulazima.

Baba watoto alirudi jioni akakuta mlango umeegemezwa ukutani na kufuli yake. Alikaa akavua viatu. Nyumba ilikuwa imejaa: majirani waliokuja kuona, na mama yangu mzazi, aliyefika mchana kutoka Malampaka. Kwa hiyo baba watoto na mdogo wake walikaa upande wa mlangoni wakitazama chini, kama inavyopasa mbele ya mkwe. Baba watoto akauliza kwa upole kijitabu kinasemaje kuhusu vifaranga wakishatoka. Labda tufuate hiyo sehemu ya mwisho vizuri.

Shemeji akakitoa mfuko wa nyuma, akafungua ukurasa wa mwisho. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa: "SEXING". Wafugaji wanalisema neno hilo kila siku bila kupepesa. Wajapani ndio waliovumbua ufundi wake kwenye miaka ya 1920, wa kumgeuza kifaranga wa siku moja na kumtazama nyuma, na wataalamu wao walikuwa wakiitwa mpaka nchi za mbali kuifanya kazi hiyo. Shemeji hayo hakuyajua. Alichojua ni kwamba neno hili nalo anadhani analijua, na kwamba mama yangu amekaa hatua tatu kutoka kwake.

"Kinasema…" alianza. Akafunga kijitabu. "Kinasema wapewe maji."

"Ukurasa mzima, maji?" Mayu aliuliza.

"Maji ya uvuguvugu."

Binti akakichukua kijitabu mkononi mwake, akasoma mistari miwili kimya, midomo ikicheza. "Bibi, siyo maji. Ni namna ya kutenganisha majogoo na mitetea."

Mayu akamgeukia mwanawe. "Sasa kwa nini mwalimu anatoka jasho?"